Leseni ya kuuza bima Texas: kuanzia mtihani mpaka kamisheni ya kwanza

Wengi wetu tunaingia kwenye kazi hii kwa mlango wa ukalimani. Mama wa jirani kapokea barua ya bima ya gari, kurasa sita, hajui inasema nini. Anakuletea wewe kwa kuwa Kiingereza chako kinapita. Unamsomea, unakunywa chai, unarudi kwako, na hapo hakuna anayekudai leseni. Kesho yake anakuuliza, "Sasa mwanangu, nichukue hii ya dola tisini au ile ya mia na ishirini?" Ukimchagulia, kisha wakala fulani akakurushia hamsini ya shukrani kwa kuwa mama kanunua, tayari umefanya kazi ya wakala bila leseni. Na huyo wakala naye kakosa, maana kamisheni haigawiwi kwa mtu asiye na leseni.

Mwongozo huu ni wa Texas. Nimeichagua kwa sababu ndiko niliko, na kwa sababu Waswahili tumejaa: Houston, Fort Worth, Vickery Meadow pale Dallas, na ndugu zetu wa Kongo hadi Abilene. Ukiwa jimbo jingine, njia inafanana lakini masharti yanatofautiana, kwa sababu Marekani haina leseni moja ya bima kwa nchi nzima. Sheria ya McCarran-Ferguson ya mwaka 1945 iliacha usimamizi wa bima mikononi mwa majimbo, na kila jimbo lina idara yake. Kwa hiyo shemeji yako wa Florida akikwambia alikaa darasani saa 60 ndipo akaruhusiwa kufanya mtihani wa bima ya maisha na afya, hakudanganyi. New York ni saa 40. Texas ni sifuri: ukijiona umeiva, nenda kafanye mtihani.

Kabla hujamlipa mtu yeyote

Utaalikwa kwenye mkutano. Chumba cha hoteli au Zoom ya saa mbili usiku, kijana amevaa suti anaonyesha picha ya gari na kusema "biashara yako mwenyewe". Mwisho wa kikao unaambiwa ulipe mia kadhaa ya "kuanzishiwa leseni", halafu ulete majina ya watu 25 unaowajua.

Leseni haiuzwi na kampuni wala na kijana wa suti. Inatolewa na Idara ya Bima ya Texas, TDI, na ada ya maombi ni dola 50. Ongeza ada ya mtihani na ya alama za vidole, vyote kwa pamoja havifiki dola 200. Kitabu au kozi ya mtandaoni ni hiari yako. Mtu akikutajia mia tano, muulize hizo nyingine ni za nini, na akuandikie. Sisemi usijiunge na kampuni za namna hiyo, wapo waliojifunza kazi humo. Ila leseni ni yako kwa jina lako, ilipie mwenyewe, na neno la siri la akaunti yako asilijue mtu mwingine.

Unachotakiwa kuwa nacho ni kidogo: miaka 18 au zaidi, namba ya Social Security na ruhusa ya kufanya kazi nchini. Uraia si sharti. Mwenye kadi ya kijani na mkimbizi mwenye kibali cha kazi wote wanaweza.

Hatua ya kwanza: chagua leseni

Hapa watu hukurupuka. Leseni kubwa ziko mbili. Moja inaitwa General Lines – Life, Accident, Health and HMO: hiyo ni bima ya maisha, afya, ajali na jamaa zake. Ya pili ni General Lines – Property and Casualty: nyumba, magari, biashara, dhima ya kumdhuru mtu mwingine. Kuna na ndogo zake. Anayetaka maisha tu ana leseni yake, na anayetaka magari na nyumba za watu binafsi, bila mambo ya biashara, ana Personal Lines. Hii ya mwisho naipendekeza kwa aliyepata ajira kwenye ofisi ya bima ya magari, kwani ina machache ya kusoma na kazi inaanza mapema.

Mimi nilianza na maisha na afya, na sababu yake ni misiba. Kila aliyeko kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania au Wakongo wa mji wowote huku anaijua ile picha: marehemu katika fremu yenye maua, namba ya kutuma mchango, na chini yake jumla inayopanda taratibu mno huku mwili ukisubiri chumba cha baridi. Kuurudisha mwili Kigoma au Uvira ni maelfu ya dola. Tunachanga, na tunachanga kweli, lakini ukipiga hesabu ya michango uliyotoa kwa mwaka, mara nyingi inakaribia ada ya bima ndogo ya maisha ambayo marehemu angeweza kuilipa mwenyewe. Watu wetu hawakatai bima kwa ubahili. Wanakataa kwa sababu hakuna aliyekaa nao akaieleza kwa lugha yao, na kwa sababu kule nyumbani walishaona watu wakizungushwa na madai yao. Ukiwa na leseni, ukaweza kumwambia mzee kwa Kiswahili "hili linalipwa, hili halilipwi", una kazi.

Angalizo dogo kwa wanaosikia habari za "kwenda vimbunga": yule anayepanda paa kupima hasara baada ya dhoruba si wakala. Ni mkadiria madai, na leseni yake ni nyingine. Texas mtu anaweza kuipata kwa kozi ya saa 40 inayoishia na mtihani wake. Usije ukasomea leseni ya maisha ukidhani itakupeleka kwenye paa.

Hatua ya pili: soma

Kwa kuwa hakuna darasa la lazima, watu wanadhani mtihani ni mwepesi. Si mwepesi. Ni maswali zaidi ya 100, ya kuchagua jibu, kwa saa mbili na nusu, na alama ya kupita ni 70. Uko kwa Kiingereza, toleo la Kiswahili hakuna. Jipe wiki nne hadi sita ukiwa na kazi nyingine. Kabla ya kununua kitabu, pakua bure mwongozo wa watahiniwa kutoka Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani ya TDI. Mwishoni mwake kuna orodha ya mada. Hiyo orodha ndiyo mtihani wenyewe.

Maneno ndiyo yanayotuangusha, kuliko hata hesabu. Mfano: risk, peril na hazard. Sisi kwa Kiswahili cha kila siku yote matatu ni "hatari", na ukiyasoma hivyo utayachanganya. Yashike hivi. Nyumba yako inaweza kuungua au isiungue: kule kutojua ndiyo risk. Moto unaoiunguza ni peril. Matambara yenye mafuta uliyorundika gereji, yanayoongeza uwezekano wa moto, ni hazard. Ukiona swali, jiulize: ni mashaka, ni kisababishi, au ni kinachochochea?

Jingine ni insurable interest, yaani uhusiano na mali au mtu unaokufanya uumie kweli kifedha likitokea la kutokea. Kwa bima ya maisha, uhusiano huo unatakiwa uwepo siku ya kuomba bima. Kwa mali, uwepo siku ya hasara. Ulimkatia bima ya maisha mshirika wako wa duka, baadaye mkagawana duka kila mtu na lake: bima haifi kwa sababu hiyo. Lakini uliuza gari Jumatatu, likagongwa Jumatano: huna cha kudai, hata kama ulishalipia mwezi mzima. Swali la namna hii halikosekani.

Namba nilizibandika kwenye friji. Muda wa ziada wa kulipa ada ya bima ya afya kabla mkataba haujakatika: siku 7 kama unalipa kwa wiki, 10 kwa mwezi, 31 kwa malipo mengine. Kutoa taarifa ya madai: siku 20. Kampuni kutuma fomu: siku 15. Kuwasilisha uthibitisho wa hasara: siku 90. Kufungua kesi: si kabla ya siku 60, si baada ya miaka 3. Kwa wa magari, kiwango cha chini cha dhima Texas ni 30/60/25, maana yake dola 30,000 kwa kila aliyeumia, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali iliyoharibiwa. Mwanangu wa darasa la tatu alizijua zote kabla yangu, kila anapofungua friji kuchukua maziwa anazitaja.

Sehemu ya sheria za jimbo usiiache mwisho. Ndiyo fupi, na ndiyo watu huipoteza. Kamishna wa Bima wa Texas anateuliwa na gavana na kuthibitishwa na Seneti, kwa kipindi cha miaka miwili. Jua makosa kwa majina yake: twisting ni kumlaghai mtu aache bima yake ili anunue yako, rebating ni kumrudishia mteja sehemu ya kamisheni ili asaini. Hili la pili litakusumbua hata nje ya mtihani, kwa maana kwetu kumpunguzia mteja ni ustaarabu. Mteja atakwambia, "Si unipunguzie kidogo kwenye chako, ndugu yangu?" Jibu ni hapana, na umweleze kwamba sheria ndiyo inayokataa.

Fanya mitihani ya majaribio mpaka ugonge 80 na kitu mara tatu mfululizo. Ukiwa unagonga 70 nyumbani ukiwa na chai mkononi, ndani ya chumba cha mtihani utapata 64.

Hatua ya tatu: siku ya mtihani

Unajiandikisha kwenye tovuti ya Pearson VUE, unalipa, unachagua kituo na saa. Unaweza pia kuufanyia nyumbani mbele ya kamera, lakini kama nyumba yako ina watoto, nenda kituoni.

Jina. Naomba usome aya hii mara mbili. Jina ulilojiandikishia lazima lifanane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Mimi nina majina matatu kama Mtanzania yeyote. Nilijiandikisha kwa mawili, la kwanza na la baba, kama tunavyoitana. Leseni yangu ya udereva inabeba la babu mwishoni. Nilifika nusu saa mapema, nimenyoa, nimekula. Dada wa mapokezi akatazama kadi, akatazama kompyuta, akatazama kadi tena, akasema samahani. Ada ikaenda na maji. Kwa ndugu wa Kongo wenye jina, jina la ziada na jina la ukoo ambayo makaratasi ya ukimbizi yaliyapanga kila mara kivyake, hili ni kubwa zaidi. Weka kitambulisho mezani na unakili kutoka humo, usiandike kwa kichwa. Idadi ya vitambulisho vinavyotakiwa utaiona kwenye barua pepe ya uthibitisho.

Matokeo unapewa hapo hapo. Ukianguka, karatasi itaonyesha ulikoanguka. Unalipa tena, unapanga siku nyingine. Ukipita, matokeo yanatumika kwa mwaka mmoja, ukizembea kuomba leseni ndani ya muda huo unaanza upya.

Hatua ya nne: vidole na maombi

Alama za vidole zinachukuliwa kwa mashine katika vituo vya IdentoGO. Unaweka miadi mtandaoni ukitumia namba ya huduma ambayo TDI wameiweka kwenye maelekezo yao. Usipeleke vidole ulivyochukuliwa kwa ajili ya uhamiaji au kazi ya ulinzi, kila ombi lina lake. Risiti itunze.

Maombi yenyewe unajaza mtandaoni, kwenye tovuti ya Sircon au ya NIPR. Ni kama saa moja. Sehemu ya kutulia ni maswali ya historia. Umewahi kushtakiwa, kutiwa hatiani, au kupewa adhabu ya kuahirishwa? Jibu ukweli wote, hata la zamani, hata lile ambalo mwanasheria alikwambia "limekwisha". Vidole vyako vinasomwa na FBI. Kosa la zamani lenye maelezo na nyaraka za mahakama linazungumzika, lakini kosa lililofichwa linakuwa makosa mawili. Lipo jambo moja zito: sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 inamkataza aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la udanganyifu au uvunjaji wa uaminifu kufanya kazi ya bima mpaka apate ridhaa ya maandishi ya msimamizi wa bima. Mwenye historia ya namna hiyo awaombe TDI wamtathmini kwanza, kabla hajatumia hela kwenye mtihani.

Kisha subiri. Hakuna cheti kinachokuja kwa posta, leseni unaichapisha mwenyewe. Pamoja nayo unapata namba ya kitaifa ya wakala, NPN, ambayo utakuwa nayo popote utakapohamia.

Hatua ya tano: kampuni, na hela ambayo bado si yako

Leseni peke yake haikuruhusu kuuza bima ya kampuni fulani. Lazima kampuni ikuteue kwa TDI. Unaweza kuwa wakala wa kampuni moja, ukapewa mafunzo na pengine mshahara kidogo, au ukawa wa kujitegemea ukabeba kampuni kadhaa. Nyingi zitakudai bima ya makosa ya kikazi, inayoitwa E&O. Kata, hata kama hawakudai.

Sasa sikia habari ya kamisheni, maana hapa ndipo vijana wanapolia. Kwenye bima ya maisha kampuni nyingi hukulipa mapema. Tuseme mteja analipa dola 60 kwa mwezi, 720 kwa mwaka, na kamisheni yako ni nusu: 360, sawa na 30 kwa mwezi. Kampuni inakutangulizia miezi tisa, 270, wiki ile ile. Umefurahi, umetuma nyumbani mia. Mwezi wa nne mteja hakulipa, bima ikakatika. Ulichofanyia kazi ni miezi mitatu, dola 90. Zile 180 unadaiwa. Wateja kumi wa hivyo na una deni la 1,800 ambalo litakufuata hata ukihama kampuni. Kwa hiyo usimuuzie mtu bima ya dola 60 kama mfuko wake ni wa 35. Muuzie ya 35. Na ukipokea ya kutangulizwa, iache benki mpaka iive.

Kodi pia hukatwi. Mwaka unaofuata unatumiwa fomu 1099, na juu ya kodi ya mapato kuna ile ya kujiajiri ya asilimia 15.3. Tenga robo ya kila malipo tangu siku ya kwanza.

Kuuza bima za afya za HealthCare.gov, soko la bima la serikali ya shirikisho, kunataka kingine: mafunzo na usajili wa serikali ya shirikisho, kila mwaka, kabla msimu haujafunguliwa Novemba 1. Medicare, bima ya afya ya serikali ambayo wengi wake ni wazee, nayo ina mafunzo yake ya kila mwaka. Leseni ya jimbo ni mwanzo tu.

Hatua ya sita: kuitunza

Leseni ni ya miaka miwili, na ndani yake unatakiwa kusoma saa 24 za mafunzo ya kuendelea, 3 kati yake zikiwa za maadili. Ukipungukiwa, faini ni dola 50 kwa kila saa uliyokosa. Kuihuisha ni dola 50. Ukichelewa ndani ya siku 90 unaongeza nusu ya ada. Zikipita 90 unaomba upya, na ukipitisha mwaka unarudi kwenye mtihani.

Tarehe ya kuisha inafuata mwezi wako wa kuzaliwa, hivyo kipindi cha kwanza huenda kisiwe miaka miwili kamili. Soma iliyoandikwa kwenye leseni, usihesabu kwa vidole. Nasema hivi kwa sababu ya Januari 1. Ndugu zetu wangapi waliotoka Nyarugusu au Kakuma wamesajiliwa kuwa wamezaliwa Januari 1? Wakala mmoja rafiki yangu, Mkongo, ni wa tarehe hiyo, na mkewe pia. Mwaka juzi, leseni zote mbili zikikaribia kuisha, waliumaliza mkesha wa mwaka mpya mezani na kompyuta mbili, kila mmoja anatafuta saa zake za maadili, watoto wakihesabu kurudi nyuma sebuleni. Siku hizi wanamaliza Oktoba.

Ukihama jimbo, una siku 90 za kuomba leseni ya kule bila kurudia mtihani, mradi ya Texas iko hai. Kama hukuhama ila una wateja Ohio au Arizona, unaomba ya mkazi wa nje kupitia NIPR. Unajaza fomu, unalipa ada ya jimbo lile, na mara nyingi ndani ya siku chache iko tayari. Jaza kwa jina lile lile la kitambulisho.